Saiti zikilala tuambiwe ukweli

Mhariri, hizi kampuni za hosting, zinazotuwekea saiti zetu kwenye seva zao, zinatuumiza sana sisi wenye biashara ndogo hapa Mombasa. Saiti ikilala wikendi, mgeni anataka kubuku chumba Nyali aona ukurasa mweupe tu, ahamia kwingine, na ukipiga simu waambiwa "tunashughulikia". Semeni ukweli bana! Kama ni shambulio, yaani kompyuta nyingi zilizoambukizwa virusi zinaimiminia seva maombi kwa pamoja hadi ishindwe kujibu wateja wa kweli, tuambieni mapema. Julai 2023 eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, ilipigwa hivyo hivyo na waziri akajitokeza akasema. Tena seva moja yabeba saiti nyingi, akilengwa jirani sote twazimika. Wekeni vichujio vya kuzuia maombi hayo ya uongo, na siku tulizokosa huduma mzitoe kwenye bili.

Mwenye gesti, Nyali