Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Nyigu na Kenge

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana. Klabu yetu ilianza na wanafunzi wachache waliokusanya wadudu, na leo ni mfano wa kuigwa. Tumemchora ukutani kenge wa Komodo, yule wa visiwa vya Indonesia, kwa urefu wake kamili wa mita 3, kazi ambayo kila aliyeiona ameisifu.

Wapo wanaouliza kenge huyo na nyigu wanahusiana wapi. Mheshimiwa, wote wana sumu: kenge katika taya la chini, nyigu jike katika mwiba wake. Na la ajabu zaidi, kwa wote yai lisilorutubishwa laweza kutoa dume. Kwa nyigu ndiyo kawaida. Kwa kenge ni nadra, na lilitangazwa mwaka 2006 baada ya kutokea katika bustani za wanyama za Uingereza. Ila kenge huwinda peke yake na kumeza mapande makubwa ya nyama. Nyigu kiuno chake chembamba hakipitishi nyama. Huitafuna akawalisha mabuu, nao humpa tone la majimaji matamu.

Hapo ndipo penye shida yetu. Kenge anafundishika kwa mchoro. Nyigu anahitaji hadubini. Kwa lenzi ya mkono, mwiba wake ni kama unywele tu; vile vimeno vyake vidogo tunavisoma vitabuni na kuvikariri.

Mheshimiwa, ombi hili si jipya. Mgeni rasmi mmoja aliahidi hadubini, tukashangilia, tukatengeneza meza. Aliyemfuata alisema linashughulikiwa. Tunawashukuru kwa moyo wao. Meza ipo pale dirishani, imefunikwa kitambaa, na walioipiga randa wameshahitimu bila kuona kitu juu yake.

Kwa heshima na taadhima, safari hii tunaomba tusiishie kwenye makofi. Tunaomba utupe tarehe, na jina la mtu tutakayemfuatilia ofisini kwako. Hadubini moja yenye taa yake inatosha. Hata iliyokwisha kutumika tutaipokea kwa mikono miwili. Mwalimu wetu wa biolojia yupo hapa, na daftari la kupokelea vifaa analo.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu wa Klabu