Kuhusu Safari ya Mama na Ajali ya Ndege Ziwani

Bukoba

Mpendwa rafiki yangu Projestus,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Barua yako nimeipata, na nimeelewa kwamba mama anaogopa kuja kwa ndege mwezi Desemba kwa sababu ya ajali ya tarehe 6 Novemba 2022.

Wewe umezaliwa hapa na unajua kwamba kiwanja chetu cha ndege kiko ukingoni mwa Ziwa Victoria, na kwamba ndege inayotua ikitokea kusini-mashariki hushuka juu ya maji mpaka inapokaribia kabisa njia ya kutulia. Mvua zetu za asubuhi unazijua pia: usiku ziwa hubaki na joto kuliko nchi kavu, pepo za pande zote hukutana juu yake, na mawingu yaliyojikusanya huko hutufikia kunapokucha. Jumapili ile, ndege aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilifika katika hali ya hewa ya namna hiyo, ikaangukia majini kiasi cha mita 500 kabla ya kiwanja.

Waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Pua ilikuwa imezama, mkia ukionekana juu, na kijana mmoja mvuvi akatumia kasia kusaidia kufungua mlango wa nyuma ambao abiria walitokea, kisha akajaribu kuwafikia marubani mpaka akaumia na kupoteza fahamu. Watu 24 waliokoka. 19 walifariki, marubani wote wawili wakiwa miongoni mwao. Wananchi waliivuta ndege kwa kamba, mikono mitupu, na wazee waliosimama ufukweni wakaikumbuka meli ya MV Bukoba ya mwaka 1996, ambayo nayo ilizama na watu wakiwa hai ndani yake. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo, ndugu yangu. Mahali ambapo ndege hupita juu ya maji kila siku panastahili boti ya uokoaji na wazamiaji wenye vifaa, wakiwa tayari saa zote za kutua, na ushujaa wa wavuvi usiwe ndio tegemeo letu.

Hata hivyo simkatazi mama kupanda ndege. Umweleze asikilize kwa makini maelekezo ya jaketi la kuokolea, na akumbuke kutolijaza upepo akiwa bado ndani, kwa maana maji yakiingia litamwinua hadi darini na kumzuia kuufikia mlango. Aidha, rubani akiona mawingu na kuamua kugeuza kwenda Mwanza, mama asisikitike kwa kuchelewa. Mimi nitakuwa kiwanjani, na nitamsubiri hata ikiwa ni siku ya pili yake.

Nisalimie wote.

Rafiki yako,
Deogratias