Salamu za Pasaka: Ni Nini Maana Yake Utumishi Huu Kwenu?

Wapendwa ndugu, jamaa na marafiki, Bwana Yesu asifiwe.

Kwa niaba ya familia yangu nawasalimu nyote na kuwatakia heri ya Pasaka. Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha, maana wapo tuliosherehekea nao mwaka jana ambao leo hatunao, na sisi tuliobaki tumeupita mwaka mzito ambao mafuta ya kula, sukari na nauli vimepanda hata wazazi wengi wameshindwa kuwanunulia watoto nguo za sikukuu.

Katika Kwaresima hii nilikuwa nikisoma kitabu cha Kutoka, na neno moja la Kiebrania, avodah, lenye maana ya kazi, utumishi na hata ibada, halikuniacha. Katika sura ya 1 ndilo linalotaja kazi ngumu ya chokaa, matofali na mashamba ambayo kwayo Wamisri waliyatia uchungu maisha ya Waisraeli. Katika sura ya 12, mstari wa 26, ndilo hilohilo watakalolitumia watoto kuuliza habari za Pasaka: "Ni nini maana yake utumishi huu kwenu?" Katika Hesabu sura ya 4 tunalikuta tena, safari hii likiwa zamu ya Walawi wa miaka 30 hadi 50 katika hema ya kukutania. Mzizi wake ni ndugu wa ule wa Kiarabu uliotupatia neno ibada, nasi tukabaki na upande wa sala tu, ingawa Mwanzo 2:15 inautumia mzizi huo kwa Adamu kuilima bustani, kabla dhambi haijaingia.

Farao aliamriwa awaachilie watu ili wakamtumikie Mungu. Walichobadilishiwa ni bwana, kazi ilibaki.

Mama yangu, tuliyemzika mwaka huu, alifua vitambaa vya madhabahu kila Jumamosi alipotoka shambani, na sikupata kumsikia akisema kwamba hii ni kazi na ile ni ibada. Vitambaa vya Pasaka hii vimefuliwa na mikono mingine, na moyo wangu umeniuma.

Basi ndugu zangu, tusithubutu kuinua mikono kanisani ilhali dada anayetupikia nyumbani anatudai mishahara, au kibarua aliyetulimia anazungushwa kwa ahadi, kwa maana huo ndio utumishi wa Misri ambao Bwana aliuhukumu. Walawi 23:7 inakataza kazi ya utumishi siku ya kwanza ya sikukuu ile, na Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka kibarua alipwe kabla jua halijachwa. Mlipeni dada kabla ya kununua kuku wa sikukuu, kisha mpeni nafasi naye aende akasali na kuwaona wa kwao.

Mungu awafariji waliofiwa, awaponye wagonjwa, abariki kazi za mikono yenu na kuwajalia Pasaka yenye amani. Kristo amefufuka! Amefufuka kweli kweli!