Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: kinyungu cha mama nacho kina bei

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Mufindi. Ni mwezi wa saba, baridi imeshika, na miaka ya nyuma wakati huu mama yangu angekuwa bondeni anainua matuta ya kinyungu.

Kwa msomaji asiyejua, kinyungu ni kishamba cha bondeni kinacholimwa kiangazi. Nyasi hufukiwa ndani ya tuta zioze, maji hubaki kwenye mfereji kati ya tuta na tuta, na mahindi hukua kwa unyevu huo kabla mvua haijafika. Pembeni kuna maharage, maboga na mboga. Yakianza kubeba, huku nyumbani kihenge kimebaki vumbi. Madaftari yangu yalitoka humo: mama alibeba mahindi mabichi kwenye kiroba hadi Mafinga, kwa wachomaji wa stendi.

Siku wapimaji walipokuja, walianzia ukingo wa kijito wakapanda nao. Mita 60 kutoka ukingoni zisilimwe, kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inavyotaka. Utepe ulivuka kinyungu chote, ukavuka na njia, ukaishia kwenye mparachichi wetu. Mama aliuliza jambo moja tu: "Sasa mimi mnanipa nini?" Wakacheka kistaarabu, wakaaga.

Mita 60 sizipingi. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi tangu miaka ya 1990. Ruaha Mdogo unaanzia huku kwetu, unapita Iringa, unaungana na mkubwa, halafu bwawa la umeme la Mtera, megawati 80, halafu la Kidatu, megawati 204. Maji anayoyaacha mama yanakwenda kuzungusha mitambo, umeme unauzwa, na anayeambulia patupu ni yeye aliyeacha shamba.

Wenzetu wanalipa. Marekani, tangu 1985, serikali inawakodi wakulima ardhi inayomomonyoka kwa mikataba ya miaka 10 hadi 15. Mkulima anaotesha nyasi au miti, kila mwaka anapokea kodi yake. Mwaka 2007 zilikuwa zaidi ya ekari milioni 36, kisha bei ya mahindi ikapanda na wengi, mikataba ilipokwisha, wakarudisha plau. Malipo yakiachwa nyuma na soko, jembe linarudi. China ilipoanza mpango wake wa kurudisha miti na nyasi mashambani mwaka 1999 iliwalipa wakulima wa miteremko kwa nafaka pamoja na fedha, na hapo ndipo nilipokaa nikafikiri. Kinyungu kabla hakijawa biashara ni chakula cha Desemba na Januari. Makambako pale kuna maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Gunia likitoka huko likafika kwa mama mwezi wa kumi na moja, nani atashika jembe kwenda bondeni?

Fedha nazo zina pa kutoka. Wenye vibali vya maji wanalipa ada Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Tenga sehemu ya ada hiyo kwa walioacha vinyungu, kwa mkataba wa maandishi wenye jina la anayelima. Nasema anayelima kwa sababu mara nyingi anayeshinda matopeni ni mama, na anayeitwa kusaini ni baba.

Halafu mikaratusi, Mheshimiwa. Hatua chache kutoka kinyungu chetu ipo ya mtu mwenye uwezo, imesimama ndani ya mita hizo hizo 60, inanyonya usiku na mchana. Mama alikatazwa maharage. Mikaratusi hakuna aliyeipimia utepe.

Mwaka huu hajalima. Nyasi zimefika kiunoni, jembe liko nyuma ya mlango, na kila nikipiga simu ananiuliza kama wale watu wa utepe wameleta jibu. Nimemwambia nitauliza kwa mkubwa wao.

Wako,
Mtoto wa mwenye kinyungu, Mufindi