Msichore ramani ya kijiji kabla hamjatuuliza: barua ya bibi yenu kwa halmashauri mpya

Kamwene wanangu, kamwene wajukuu.

Nawaandikia nyie mliochaguliwa Novemba 2024 kuingia halmashauri ya kijiji, na nyie vijana mliowekwa kwenye kamati ya matumizi ya ardhi, mwenyekiti naye asome na mtendaji asome, sina cha kuficha ndo maana naandika wazi. Nimesikia wataalamu wa wilaya wanakuja kutusaidia kupanga kijiji, wapi makazi, wapi kilimo, wapi malisho, wapi msitu, wapi shule ya watoto ambao hata hawajazaliwa. Nimefurahi kwa kweli, huku Mufindi ardhi inavyokimbia tumechelewa hata hivyo. Ila nimesikia pia rasimu ya ramani ishaanza kuchorwa hukohuko ofisini na sisi tutaitwa mkutano mkuu kuja kunyoosha mikono. Hapo ndo nimeona nisikae kimya.

Wanangu, mtu ukimwita aje kuangalia ramani iliyokwisha umempa taarifa tu, hujamshirikisha. Ni sawa na kupokea mahari ya watu ukala, halafu ndo unamwita binti unamuuliza kama anamtaka huyo kijana.

Sisi wa umri wangu tuna sababu ya kusema hivi. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilipofika huku watu waliambiwa hamieni barabarani, nyumba zikapangwa kwa mistari, na hakuna aliyekaa chini na mama hata mmoja akamuuliza maji unachota wapi, kuni unaokota wapi, shamba lako liko umbali gani. Nia ilikuwa njema, sikatai, shule ikaja karibu na wanangu wamesoma hapo. Lakini watu waliacha miti yao ya matunda na mianzi yao ya kugema pombe ya ulanzi kule kwenye mahame, wakawa wanatembea kila siku kurudi kulekule kulima, wengine wakaja kurudi moja kwa moja, na mpaka leo zile kesi za mipaka zinazotusumbua hapa kwetu mzizi wake uko palepale, huyu anasema hili ni hame la babu yangu yule anasema mimi nilipewa na kijiji. Zaidi ya miaka 50 imepita bado tunagombana.

Safari hii sheria iko upande wetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi mpaka mkutano mkuu ukubali kwanza. Na mkutano mkuu ni kila mkazi wa hapa mwenye miaka 18 na kuendelea, mwanamke kwa mwanaume, mwenye shamba na asiye na shamba. Kwa hiyo hata mkikaa wajumbe wote 25 na chai mezani, nyie bado sio kijiji. Na huo mpango wenyewe unaokuja una sheria yake ya mwaka 2007, na wataalamu wenyewe wanauita mpango shirikishi, basi ushiriki uanze mwanzo.

Sasa niwaambie kinachoninyima usingizi, nacho ni bonde.

Nyie mnajua vinyungu. Kiangazi kikianza tunashuka bondeni, tunainua matuta, tunazika majani chini, tunapanda mahindi, maharage, mboga, na hayo mahindi mabichi ndo yanatubeba Desemba wakati mahindi ya ghalani yameisha. Ada na sare za Januari zimetoka humo miaka yote. Sasa mtaalamu akija mwezi wa tatu na kile kidude chake cha kupimia, bonde amelikuta limejaa maji na majani, halina zao hata moja, ataandika nini? Ataandika ardhi ya akiba. Na mnajua akiba inakwendaga wapi, akija mnunuzi na gari lake anataka ekari za kupanda miti ndo hiyo ataonyeshwa, kwenye karatasi si inaonekana haina mwenyewe. Hakuna aliyeiba hapo na hakuna aliyedanganya, ni kwamba tu hakuna aliyemuuliza mama mwenye kinyungu.

Sisemi miti mibaya. Paini zimetujengea nyumba za bati na zimesomesha watu. Nasema milingoti, yaani mikaratusi, isifike kwenye vyanzo vya maji, sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 toka kwenye mto au chanzo, na chanzo kipi kilikuwa na maji kikakauka, kipi kinatoa mwaka mzima, kipi kinatoa mpaka mwezi wa tisa tu, hayo huyakuti ofisini, yako kwa wanaobeba ndoo. Nendeni mkaokote majivu na vijiti mchore kijiji chini kwenye udongo, wamama wakae upande wao wachore, wanaume wachore ya kwao, vijana wa bodaboda wachore ya kwao maana wao wanajua njia zote na madaraja yote mabovu, halafu mziweke pamoja muone zinavyotofautiana. Pale zinapotofautiana ndo pa kukaa na kuzungumza, hata ikichukua siku nzima. Wenzetu wenye mifugo nao msiwaache eti wamekuja juzi, ng'ombe wao watapita mahali tu, bora tukubaliane njia ikiwa bado ipo.

Na mtu mzima akitaka kuongea Kihehe mwacheni aongee, atatafsiriwa. Nimeona wazee wengi wanaitikia ndiyo ndiyo kwa kuogopa Kiswahili cha mtaalamu, wakifika nyumbani wanalalamika.

Kitu kingine ni karatasi ya mahudhurio. Nimewahi kuona watu wanasaini kwamba wamefika mkutanoni, baadaye karatasi ileile inabanwa nyuma ya muhtasari na inasomeka wote wamekubali. Wanangu mkilifanya hilo mmeharibu kila kitu, hata kama mpango wenyewe ni mzuri. Muhtasari usomwe kwa sauti watu wakiwa bado wamekaa, na aliyepinga aandikwe amepinga na sababu yake.

Najua mtaniambia bibi, wataalamu wana siku chache na posho yao imehesabiwa. Ni kweli, ndo maana kazi ya kuulizana tuifanye wenyewe kabla hawajafika, hiyo haina posho. Msiitishe mkutano Novemba na Desemba watu wako shambani wanapanda, wala siku ya mnada, na msiite wote ofisini maana wa vitongoji vya mbali hawatafika, kila kitongoji kifuatwe kwake.

Ombi langu muanze na kitongoji cha bondeni, Jumapili baada ya ibada. Wenyeviti wa vitongoji watangaze wiki mbili kabla na makanisani litangazwe pia, wamama wa vinyungu nitawakusanya mimi mwenyewe. Hiyo rasimu iliyoko ofisini njooni nayo, ila iacheni imekunjwa mpaka sisi tumalize kuchora ya kwetu.

Ni mimi bibi yenu.