Kabla hela ya korosho haijageuka gari

Minada ya korosho ikishaanza Oktoba, gereji yetu hapa Mtwara mjini hupokea magari ya aina mbili. Kuna yanayoletwa na watu wanaotaka kuyanunua, na kuna yaliyonunuliwa msimu uliopita bila kupita kwa fundi yeyote. Hayo ya pili ndiyo yanayotulisha zaidi, hatufichi. Lakini kumwambia baba wa watu kwamba injini aliyoinunua kwa jasho la msimu mzima inabidi ishushwe ni kazi isiyozoeleka.

Swali linalokuja kila siku ni hili: "Fundi, gari gani halisumbui?" Sisi hatuanzi na gari, tunaanza na spea. Kifaa kikifa ukiwa Newala, utakipata wapi na baada ya siku ngapi? Kama hakipo Mtwara mjini, kinaagizwa Kariakoo na kupakiwa kwenye basi, safari ya kilomita zaidi ya 550. Barabara ikiwa nzima ni kesho yake. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipokata barabara upande wa Somanga, tulikuwa na magari yamekaa juu ya mawe huku wenyewe wakipanda bodaboda. Gari lililosimama linakula hela hata kama hujanunua kifaa.

Ndiyo maana tunaitetea Toyota IST ya kwanza, ile iliyotengenezwa 2002 hadi 2007. Watu wanaicheka kwamba kila mtu anayo, nasi tunaipendea hilohilo. Injini yake ya 1NZ ya cc 1500 ndiyo iliyomo kwenye Probox, Raum, Spacio na Premio za cc hizohizo, kwa hiyo duka la spea lenye mzigo mdogo tu halikosi vitu vyake. Taimingi yake, yaani kinachofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio, ni ya cheni. Plagi ni nne, zimekaa juu, unatoa koili na unazifungua bila kugombana na chochote. Oili ni lita 3.7. Gia boksi ni otomatiki ya kawaida ya gia nne, na mafundi wengi wanaijua.

Sasa iweke pembeni ya Mark X ya V6, yaani ya silinda sita. Plagi sita, oili lita sita na ushee. Hapo gari halijaharibika, ni sevisi tu. Anayenunua huangalia bei iliyobandikwa kwenye kioo, halafu sevisi ya tatu anaanza kuruka tarehe, na oili ikishageuka lami injini nayo haidumu.

Subaru Forester za miaka ya 2000 hatuna ugomvi nazo. Zinashika barabara vizuri hata kwenye tope. Ila injini yake imelala, silinda zinatazama kushoto na kulia, plagi ziko ubavuni na mkono hupenya kwa taabu. Taimingi yake ni ya mkanda, unaotakiwa kubadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Ukikatika mwendoni, valvu hugongana na pistoni. Kwa hiyo ukiuziwa yenye kilomita 95,000 na muuzaji hajui mkanda ulibadilishwa lini, hesabu mkanda, beringi zake na pampu ya maji kama sehemu ya bei.

D4 ndiyo inayotuletea mabishano. Hizi ni injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, na zimo kwenye Noah na RAV4 za miaka ya 2000. Petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, hivyo haizioshi, na masizi hujijenga pale taratibu. Pampu ya presha na nozo hazivumilii mafuta machafu. Kwa mtu anayejaza kwenye kituo kizuri mjini, ni gari zuri. Kwa anayenunua petroli ya chupa kando ya barabara vijijini, tunamwambia atafute jingine, na akinuna tunamwacha anune.

Kuna jambo linalopita aina ya gari, nalo ni mkono uliolishika kabla yako. Mwaka jana mzee mmoja wa Tandahimba alituletea gari lenye gia boksi ya CVT. Linanguruma, haliendi. CVT haina gia za kupanda na kushuka. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na mafuta yake yametengenezwa maalumu ili mkanda usiteleze. Tulichomoa stiki, tukaifuta kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu kabisa, hidroliki ya kawaida ya gia boksi za otomatiki, wakati gari lile linatumia mafuta ya kijani.

"Mzee wangu, nani aliongeza hii?"

"Kijana mmoja kule kwetu, mwanangu. Aliniambia mafuta ni mafuta."

Gia boksi ilibadilishwa nzima. Tulimtafutia ya mtumba, na bado mzee aliuza mbuzi.

Upande wa maji ni hivyohivyo. Fungua mfuniko wa rejeta, injini ikiwa imepoa, uchovye kidole. Kikitoka na rangi ya kutu, ujue gari limekuwa likinyweshwa maji ya kisima, na visima vingi vya ukanda wetu wa pwani vina chumvi. Kisha uliza kama termostati imo, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Mafundi wengi huitoa gari likichemsha, halafu husema wametibu. Injini isiyo nayo huchelewa kufika kwenye joto lake, inakunywa petroli, na chanzo cha kuchemsha kinabaki palepale kikisubiri mlima wa kupanda Newala.

Kuhusu kilomita, namba ya dashibodi tunaiangalia mwisho. Tunaanza na raba ya pedali ya breki na usukani: usukani uliong'aa kama sufuria hauendani na kilomita 60,000. Halafu tunatafuta stika ndogo za Kijapani kwenye fremu ya mlango au ndani ya boneti. Gereji za kule huandika tarehe ya kubadili oili na kilomita za siku hiyo, mara nyingi kwa miaka ya kifalme, inayohesabiwa tangu mfalme wao aingie. Ya Heisei unaongeza 1988: Heisei 20 ni 2008. Tumeshaona stika inasema 128,000 na dashibodi inasema 81,000. Muuzaji alisema labda stika ni ya gari jingine.

Nasi tumewahi kuteleza. Mwaka wetu wa kwanza tulimpitishia mteja gari zuri la injini bila kuinua zulia. Miezi miwili baadaye alirudi, tukaona sakafu imetoboka kwa kutu upande wa abiria, kidole kinapita. Lilikuwa limeishi jirani na mashamba ya chumvi. Siku hizi hakuna gari tunalolitolea neno kabla ya kulipandisha na kugonga chesi kwa nyundo ndogo.

Ukaguzi wetu huchukua kama saa mbili, pamoja na kuliendesha hadi Mikindani na kurudi. Unaondoka na karatasi yenye vitu vitatu: kilichokufa, kitakachokufa ndani ya mwaka, na bei ya spea zake kwa siku hiyo, mpya na za mtumba. Kununua au kuacha ni juu yako.

Tunaomba kitu kimoja. Njoo asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha bila kuwashwa, maana moshi wa kuwasha mara ya kwanza hauigizwi. Muuzaji akifika na boneti tayari ya moto, tutamkaribisha chai na kumpangia kesho yake saa moja.