Risala ya Wakristo wa Mbweni kwa Mgeni Rasmi, Askofu wa Kanisa la Methodisti

Baba Askofu, mgeni wetu rasmi,
Padri wetu na wazee wa kanisa,
Bwana Sheha,
Majirani zetu mliokuja kutushika mkono, pamoja na nyinyi mliotoka msikitini moja kwa moja baada ya swala ya adhuhuri,
Mabibi na mabwana,

Bwana Yesu asifiwe. Assalaam aleikum.

Karibu Mbweni, Baba Askofu. Kwa kawaida ya risala tungeanza na idadi ya wanakwaya, mafanikio na changamoto, na mwisho tukakuomba spika. Spika tutaomba siku nyengine. Leo wazee wametuagiza tuanze na historia, maana kuna walioulizana tangu tangazo lilipobandikwa mlangoni: Waanglikana wa Unguja wanamwita Askofu wa Methodisti kutoka Mombasa kwa lipi?

Jawabu liko bandarini. Mwanzoni mwa mwaka 1862 Dk. Johann Ludwig Krapf alishuka hapa Unguja akiwa na vijana waliotumwa na Wamethodisti wa Uingereza, na mmoja wao alikuwa Thomas Wakefield. Krapf hakuwa mgeni hapa. Alifika mara ya kwanza Januari 1844, Sayyid Said akampa barua ya kumfungulia njia ya Mombasa, na Julai ya mwaka huo huo akawazika huko mkewe Rosina na binti yao mchanga. Mwambao wote ule ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, kwa hiyo aliyetaka kuhubiri Mombasa alibisha hodi kwanza Unguja. Katika wale vijana waliokuja na Krapf, wengine homa na mambo mengine yaliwarudisha kwao. Wakefield akabaki, akaijenga misheni ya Ribe, karibu na Mombasa. Mwaka 1863 akaja Charles New, yule aliyepanda Kilimanjaro mwaka 1871 mpaka akaigusa theluji.

Sisi misheni yetu, ile ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza tunayoiita UMCA, ilifika na Askofu Tozer na Dk. Steere mwezi Agosti 1864. Ilikuwa imetoka kushindwa huko mto Shire, katika Malawi ya leo, ambako Askofu Mackenzie alifariki mwaka 1862. Kwa hesabu ya kushuka bandarini, Baba, mmetutangulia kwa miaka miwili, na hatuoni haya kulisema hilo mbele ya Bwana Sheha.

Tozer alipofika, Sultan Majid alimkabidhi watoto watano wa kiume waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Ndio mwanzo wa kanisa hili. Watoto wale hawakuja kutafuta dini wala skuli. Walikuwa mali iliyokamatwa, wakahamishwa kutoka mkono mmoja kwenda mkono mwengine. Mmoja wao alikuja kuitwa John Swedi, na mwaka 1870 akafanywa shemasi mdogo pamoja na mwenzake George Farajallah. Miaka tisa baadaye Swedi akapewa ushemasi kamili. Wakati huo Waingereza wengi waliokuja na nguvu zao walikuwa wameshakufa kwa homa au wamesharejea kwao.

Shamba hili la Mbweni misheni ililinunua mwaka 1871. Wavulana wakawekwa Kiungani, wasichana wakaletwa hapa katika Skuli ya Mtakatifu Maria, na watu wazima wakapewa viwanja na mashamba wajenge na walime. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa, na Krismasi ya mwaka huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu pale pale Mkunazini soko lilipokuwa. Watalii husimuliwa habari hiyo kila siku na wenye kuwatembeza mjini. Wachache husimuliwa kwamba kufungwa kwa soko hakukuyafunga majahazi. Biashara iliendelea usiku, kwa njia za vichochoro vya bahari, khasa upande wa Pemba kulikokuwa na mikarafuu mingi na haja kubwa ya mikono. Manowari ya Kiingereza iitwayo London ilitia nanga bandarini hapa kuanzia 1874 mpaka 1883, na mashua zake zilizunguka kuyasaka majahazi hayo. Kapteni wake, Brownrigg, aliuawa Disemba 1881 alipokuwa akilifuatia moja lao.

Waliotolewa majahazini ndio walioletwa Mbweni. Tunaomba hapa tusite kidogo. Wayao, Wanyasa, Wamakua, watu ambao lugha zao hazikusikilizana, walishushwa kwenye ufuko huu wa mawe. Wengi hawakujua wako wapi. Kwao kulikuwa mbali kiasi kwamba hata aliyeambiwa yuko huru hakuwa na njia ya kurudi. Lugha ya kuulizana hali walijifunza hapa. Mume au mke alipatikana hapa, mara nyingi msichana wa Mbweni kwa mvulana wa Kiungani, na misheni ndiyo iliyokuwa mshenga. Wenyewe kwa wenyewe wakawa shangazi, mjomba, somo na ndugu. Watu husema kanisa ni familia kwa njia ya mahubiri, lakini kwa Mbweni lilikuwa ni jambo la kawaida kabisa: hapakuwa na familia nyengine.

Hatusemi maisha yalikuwa matamu. Shamba lilikuwa na kanuni, na aliyezivunja aliweza kufukuzwa. Wasichana walioonekana wepesi wa kusoma waliandaliwa kuwa walimu, na walioonekana wazito wakapelekwa kwenye kazi za mikono, kufua, kupika na kusuka. Aliyekuwa akipima wepesi na uzito huo alikuwa mgeni anayejifunza Kiswahili. Bi Caroline Thackeray aliiongoza skuli ile tangu 1877 kwa takriban robo karne, akabaki Mbweni mpaka alipofariki mwaka 1926, na amezikwa hapa. Alituachia mengi, nasi tunamheshimu. Jengo la skuli leo ni magofu, mizizi ya mivumo imepita madirishani, na wageni huenda kupiga picha za arusi.

Kutoka kwenye shamba hili hili, mwaka 1876, Askofu Steere aliondoka na kundi la wake kwa waume waliokubali kurudi bara. Nia ilikuwa kuelekea Nyasa. Walipofika Masasi wakaipenda nchi, wakaomba wakae, na hivyo ndivyo Masasi ya Kikristo ilivyoanza. Vitabu husema Steere aliianzisha Masasi. Steere mwenyewe aliwafikisha, kisha akarudi Unguja. Waliobaki wakafyeka, wakajenga na kulea watoto ni watu wa Mbweni. Na padri wa kwanza Mwafrika wa misheni yetu, Cecil Majaliwa, aliyepewa upadri hapa Unguja mwaka 1890, naye alitoka kwenye utumwa, na alihubiri miaka mingi huko huko Uyaoni. Alipoitwa padri, mkoloni wa Kiingereza hata hakuwa amemaliza kuuandika mkataba wake wa ulinzi juu ya visiwa hivi.

Sasa Baba, utaona kwa nini tumekuita. Kule Ribe na Jomvu watu wenu, na Rabai watu wa misheni ya Kianglikana ya CMS, walikuwa na kisa kinachofanana na chetu, ila kina ujasiri zaidi. Wetu waliletwa na manowari. Wenu walikimbia wenyewe. Mtumwa alitoroka kwa bwana wake usiku, akapita mwituni mpaka misheni, na wamisionari wakawa na mashaka ya kumpokea kwa sababu sheria ilikuwa upande wa bwana. Walijaa mpaka mwanzoni mwa mwaka 1889 kampuni ya Waingereza ikawalipa mabwana fidia, na watu zaidi ya elfu moja wakapewa hati zao za uhuru. Huku kwetu hali ya utumwa haikuondolewa mbele ya sheria mpaka Aprili 1897, wakati wa Sayyid Hamoud, mwaka ambao Wakweka (Quakers), madhehebu mengine ya Kikristo, nao walifungua shamba lao la Banani kule Pemba ili waliokombolewa wapate kazi ya ujira. Mwambao mmoja, Sultani mmoja, makanisa matatu yenye ibada zisizofanana, na watu wale wale.

Turudi kwenye kanisa hili ulilokaa ndani yake. Lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1880. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikishwa kwa chokaa. Ukuta wa namna hii hunywa maji wakati wa masika na kuyatoa kaskazi inapovuma. Ukiupiga saruji, maji na chumvi hubaki ndani, na baada ya miaka michache plasta huvimba ikadondoka na kuondoka na uso wa jiwe. Ukitoka nje, upande wa kuliani, utayaona mabaka ya ufadhili wa zamani ambao haukumuuliza fundi. Fundi tuliyenaye sasa ni jirani yetu na ni muadhini. Tulipomwonesha mifuko ya saruji tuliyochangiwa alicheka, akasema, "Hii mkajengee choo." Kisha akatupangia tanuri: magogo ya minazi chini, matumbawe juu, moto wa siku kadhaa, halafu maji, halafu subira ya miezi kabla ya kuigusa chokaa. Saruji tumejengea choo kweli, na mgeni rasmi akihitaji kiko nyuma ya ofisi.

Makaburini kazi imekuwa ngumu zaidi. Vijana wamefyeka mpaka ukuta wa baharini. Kaburi la Bi Thackeray mtu yeyote atakuonesha. Yaliyolizunguka mengi hayana herufi. Ni jiwe la tumbawe lililosimamishwa kichwani, upepo wa chumvi umelila, na mengine ni mwinuko wa udongo tu uliopandwa yungiyungi. Akina mama wametengeneza daftari. Kila mzee anayekuja na kusema "hapa ni bibi yangu mzaa mama" anaandikwa yeye, bibi yake, na kabila alilosikia nyumbani kuwa ndiko walikotoka. Baadhi ya wanaokuja kuonesha ni Waislamu, maana vizazi vimechanganyika kwa ndoa na kwa uamuzi wa mtu na moyo wake. Tunawaandika vile vile. Bibi ni bibi.

Kwa hiyo maombi yetu, Baba Askofu, hayako kwenye bahasha. La kwanza, tunajua kwamba wamisionari wa Ribe waliandika sana, na Wakefield alikuwa mtu wa kuandika hata njia za misafara alizosimuliwa na wenyeji. Utusaidie kutafuta katika kumbukumbu za kanisa lako majina ya waliopitia Unguja kabla ya kufika Ribe, na ya waliotoka Ribe wakaja huku, kwani majahazi yalikwenda na kurudi na ndugu waligawanywa. Sisi tutakupa nakala ya daftari letu. Inawezekana kabisa kuna mtu Jomvu ambaye bibi yake na bibi wa mmoja wetu walifungwa mnyororo mmoja.

Kwako Bwana Sheha, tunaomba mpaka wa makaburi upimwe na uandikwe. Viwanja vya Mbweni leo vina bei, na ukuta wa jirani ukishasogea hatua mbili, wafu hawana wa kuwasemea ofisini. Tunajua uko pamoja nasi. Tumeliweka ndani ya risala ili liwe kwenye kumbukumbu.

Na la mwisho ni la vijana. Wanaomba kwaya yako ije Mbweni Pasaka ijayo, kisha ya kwetu iende Ribe. Nauli ya boti na basi watachanga wenyewe. Kwa wenyeji wanaomba mahali pa kulala tu, na pweza wa nazi tukirudi kwetu tutamla vizuri zaidi kuliko wa kwenu, hilo mtusamehe.

Padri ataikabidhi nakala ya risala hii pamoja na kurasa za kwanza za daftari. Baada ya hapo tunaomba utufungulie tanuri la pili la chokaa, moto uko tayari na fundi anasubiri nje.

Tunaomba kuwasilisha.

Sisi Wakristo wa Mbweni, Unguja.